Gari la Mwalimu na Kijiti cha Oili

Baba Mkubwa wangu aliendesha greda kwa miaka ishirini na sita. Kama hujawahi kuliona greda kazini, ni lile jitu la njano lenye kisu tumboni linalokwangua barabara za vumbi. Mwendo wake ni wa bibi harusi, kelele zake ni za ndoa iliyovunjika. Mtaani walimwita Greda, na jina likamganda hata alipostaafu, kwa sababu naye alikuwa mpana, mpole, na akishika njia hapindi hata akute ukuta.

Mkewe, Mama Mkubwa, alifundisha hesabu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, wakiwemo wale waliofeli mikononi mwake, nao si haba. Hata mumewe anamwita Mwalimu, tena kwa sauti ya mtu ambaye daftari lake bado halijasahihishwa.

Gari lilikuwa la Mwalimu. Dogo, jeupe, la milango minne, na aliliendesha mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja. Baba Mkubwa alikaa kiti cha pembeni, mikono magotini, kama mgeni aliyekaribishwa ndani asijue choo kiko wapi. Hakuwahi kufungua boneti yake. "Hiki ni kiatu," alisema. "Mtu mzima hafungui boneti ya kiatu." Mambo ya gari lake Mwalimu aliyafanya mwenyewe Jumamosi asubuhi, wakati Baba Mkubwa bado anakoroma, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini huko nje.

Kisha figo za Mwalimu zikaacha kazi. Hazikutoa notisi. Alianza kuvimba miguu akadhani ni kusimama darasani, akaanza kutapika akadhani ni chakula, na alipofika kwa daktari aliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo atasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, maisha yake yote. Mashine zenyewe ziko kwenye hospitali kubwa, kilomita hamsini na nane kutoka nyumbani kwao. Kiti chake ni saa tano kamili asubuhi. Ukichelewa nusu saa, kiti wanampa mgonjwa aliye kwenye benchi akisubiri aliyechelewa. Si roho mbaya. Benchi lenyewe limejaa.

Wiki ya kwanza walikwenda kwa basi. Siku ya tatu, wakati wa kurudi, Mwalimu alianguka kwenye ngazi za basi, presha imeshuka, akalala hapo chini huku abiria wakimruka kama mzigo wa mtu mwingine. Baba Mkubwa alimbeba mgongoni mpaka kivulini. Jioni hiyo aliomba funguo za gari.

"Utaliweza?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi nimeendesha tani kumi na tano."

"Ndiyo maana nauliza."

Lakini akampa. Na hapo ndipo maisha ya Baba Mkubwa yalipoanza upya, akiwa na miaka sitini na moja, kwenye usukani wa kiatu. Mimi nilikuwa nyumbani kwao tangu stashahada yangu ya umeme wa magari ilipokwama muhula wa tatu, kwa hiyo nilipewa cheo cha msindikizaji: kubeba begi, blanketi, na beseni la kutapikia. Ni cheo cha kwanza nilichopata bila kufanya mtihani.

Nilichokiona miezi ile mitatu, ni kwamba yule mzee alilitunza lile gari kama figo ya tatu. Alililaza chini ya turubai. Alilifuta vioo kwa fulana zake mwenyewe. Na kila siku ya safari, Mwalimu akiwa ndani anavishwa, yeye alikuwa nje saa mbili na nusu, gari linanguruma, boneti imeinuliwa, anapima oili. Alichomoa kijiti, akakitazama, akatikisa kichwa, akachukua chupa ya oili chini ya kiti, akamimina kidogo. Kikombe hivi, au nusu kikombe. Kisha akapiga boneti kwa kiganja, taratibu, kama unavyompiga mtoto mgongoni acheue.

"Linakunywa," alikuwa akiniambia. "Ni gari la mwanamke, lakini linakunywa."

Na mimi, na semista zangu mbili na nusu, nilisimama pale nimeshika beseni nikaona ni sawa. Mwalimu naye, akisikia injini inanguruma nje, alidhani mumewe anapasha gari moto. Alishukuru hata. Aliniambia siku moja, "Mzee amejifunza kutoliondoa gari likiwa baridi."

Mwezi wa tatu gari likaanza kutoa moshi. Kwanza uzi mwembamba wa bluu asubuhi, halafu shuka, halafu likawa kama treni ya zamani. Mahali tulipoegesha pakabaki dimbwi jeusi. Kwenye kilima cha katikati ya njia, ambacho zamani lilikipanda kwa gia ya tatu, sasa lilikipanda kwa gia ya kwanza na dua. Kitu ndani kikaanza kugonga. Na kadiri lilivyotoa moshi, ndivyo Baba Mkubwa alivyopima, na kadiri alivyopima ndivyo alivyoongeza.

Jumanne moja ya mwezi huo hatukufika. Tulitoka nyumbani kilomita tatu tu, gari likakohoa, likajaza moshi barabara nzima na kuzima katikati ya njia. Tulirudishwa tukivutwa kwa kamba. Fundi wa pale kona, ambaye kila gari kwake ni maiti mpaka lithibitishwe, alifika, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakinusa.

"Pete za pistoni zimekwisha," alisema. "Injini hii ifunguliwe yote."

"Siku ngapi?"

"Nane. Kumi, kama Mungu ana haraka zake."

"Fundi," Baba Mkubwa alisema, "siku nane mke wangu hana."

"Mzee, mimi natengeneza injini. Siku siziongezi."

Baba Mkubwa alisimama pale uani, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mtu mpana anavyoweza kuonekana mdogo. Alipiga simu hospitali: hakuna kiti mpaka Alhamisi. Alipiga kwa jirani mwenye gari: amesafiri. Alikwenda stendi kwa miguu, akapata teksi iliyoahidi kutubeba Alhamisi saa tatu asubuhi. Aliporudi alikaa kando ya kitanda cha Mwalimu, akamwambia kila kitu kiko sawa, kwa sauti ambayo mtoto wa chekechea asingeiamini.

Mgonjwa wa figo akikosa mashine, maji hayana pa kwenda. Jumatano mchana miguu ya Mwalimu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Viatu havikuingia, akavaa kandambili za mumewe. Jioni hakuweza kulala chali, maji yalikuwa yamepanda kifuani, akakaa ameegemea mito, anapumua kwa mdomo. Alipewa kikombe kimoja cha maji kwa siku nzima, na alikinywa kwa kijiko, akihesabu. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa anasema maneno matatu, anapumzika, anasema matatu mengine.

Saa tatu teksi haikuja. Saa tatu na robo, simu ya dereva imezimwa. Saa tatu na dakika ishirini Baba Mkubwa alivuta turubai, akalitupa ukutani.

"Baba Mkubwa," nilisema, "fundi kasema—"

"Fundi kasema. Wewe unataka nikamlaze Mwalimu kwenye maneno ya fundi?"

Liliwaka. Alilipima, linanguruma, akatikisa kichwa, akaongeza kikombe kizima. Tukamweka Mwalimu kiti cha nyuma, nikakaa naye, beseni mapajani, tukaondoka tukiwa tumefunga vioo ili moshi usituingie.

Sitakusimulia kilomita thelathini za kwanza. Nilizitumia kuhesabu pumzi za Mwalimu, na kila nilipofika kumi nilianza upya, kwa sababu sikutaka kujua jumla. Baba Mkubwa aliendesha ameinamia usukani kana kwamba anasukuma. Kilimani, taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza.

"Taa," nikasema.

"Nimeiona."

"Inakonyeza."

"Si inanikonyeza mimi, wewe inakuuma nini."

Kule nyuma yetu barabara haikuonekana. Lori lililotufuata liliwasha taa mchana kweupe. Tulipofika karibu na kilele, mgongo wa gari ukashtuka mara mbili, na Baba Mkubwa akalitoa pembeni, akavuta breki ya mkono, akaacha injini inanguruma. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Tulibakiwa na kilomita ishirini na sita.

"Naipa kidogo tu," alisema, tayari mkono uko chini ya kiti unatafuta chupa. "Kidogo tu, Mwalimu. Tunaondoka."

Mwalimu alitaka hewa. Nilifungua mlango wake, nikamgeuza miguu nje, akakaa hivyo, ameshika nguzo ya mlango, kichwa kimetoka. Na kutoka pale, kwa mara ya kwanza tangu aache usukani, alimwona mumewe anapima oili.

"Mzee," alisema.

"Nakuja."

"Injini inanguruma."

"Ndiyo, haijazima bado, tushukuru."

"Unapima. Na inanguruma."

Baba Mkubwa alitoa kichwa pembeni ya boneti, kijiti mkononi kinadondosha oili. "Ndivyo inavyopimwa. Ikiwa moto, inafanya kazi. Ikilala kijiti kinadanganya."

"Nani kakufundisha?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Mwalimu, kazi yangu huijui leo? Greda."

Mwalimu alifumba macho. Nimewahi kuona walimu wakikasirika, nimewahi kuwa sababu pia. Hii haikuwa hasira. Ilikuwa sura ya mtu aliyegundua kosa kwenye mstari wa kwanza wa hesabu ambayo imeshajaza kurasa tatu.

"Oili ipi ya greda?" aliuliza.

"Ya gia. Bwana wa karakana alinionyesha mwaka wa kwanza: hupimwa greda likinguruma."

"Na ya injini?"

Baba Mkubwa alifikiri. Upepo wa lori ukapita, ukatikisa boneti. "Ya injini walipima wale wa karakana," alisema polepole. "Alfajiri. Sisi hatujafika."

"Zima," Mwalimu alisema.

"Nikizima haitawaka."

"Zima, mzee."

"Nakwambia haitawaka. Hii ikilala hapa ndiyo imelala. Saa tano na nusu wanatoa kiti, Mwalimu, nikubebe mgongoni kilomita ishirini na sita?" Sauti yake ilikatika mwishoni. Sikuwahi kuisikia sauti ile ikikatika, hata alipozika mama yake.

Mwalimu alisubiri pumzi. "Gari la nani hili?"

Baba Mkubwa alirudisha kijiti mahali pake.

"Lisogeze pale," akaonyesha kwa kidevu, mbele yetu mita kama hamsini, kileleni kabisa, palipokuwa na saruji ya zamani ambapo zamani walipimia uzito wa malori. Tambarare kama meza. "Halafu uzime."

Alilisogeza. Aliweka mkono kwenye swichi, akautoa, akauweka tena. Akazima.

Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kugonga. Ndani ya boneti chuma kilikuwa kinalialia kwa joto, na kifuani mwa Mwalimu maji yalikuwa yanalialia vilevile.

"Dakika kumi," alisema.

"Kumi hatuna."

"Basi usizitumie kubishana."

Baba Mkubwa alilizunguka gari. Alilizunguka tena. Alikuwa na saa mkononi, lakini kila akipita mlangoni alikuwa ananiuliza mimi saa ngapi, na mimi namwambia, na yeye anaitikia kama vile nimemtukana. Dakika ya nne alichuchumaa mbele ya mkewe. Alizishika kandambili zake, zile alizovaa Mwalimu, akazirekebisha kwenye miguu iliyovimba, ingawa zilikuwa sawa.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza.

"Hukuuliza."

"Sikutaka kukuchosha. Unaumwa, nikuulize mambo ya oili?"

"Miaka kumi na mmoja," Mwalimu alisema, akapumua. "Ningefurahi kuulizwa."

Baba Mkubwa akainama. Nikatazama barabara, kuna mambo hayatazamwi na msindikizaji.

Dakika ya kumi Mwalimu akasema, "Chomoa."

Akachomoa.

"Hiyo usiisome. Imejipaka njiani. Futa."

Alikifuta kwa upindo wa shati lake.

"Rudisha. Mpaka chini kabisa, kigote. Sasa chomoa. Kilaze, usikisimamishe. Kina alama mbili. Oili ikae katikati ya hizo. Iko wapi?"

Baba Mkubwa alikitazama. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, akanipa mimi. Nikakitazama nami nikatamani ningekuwa sijui kusoma. Oili haikuwa kati ya alama mbili. Ilikuwa imeipita ya juu, ikapanda vidole viwili kamili, nyeusi, na juu yake vipovu vidogo vidogo kama vya sabuni.

"Imejaa," Baba Mkubwa alisema.

"Imejaa au imepita?"

"Imepita."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili, Mwalimu."

Ndipo Mwalimu alipotueleza, maneno matatu matatu, akipumzika, na pale pumzi iliposhindwa nilimalizia mimi, kwa sababu mara tu alipoanza nilikumbuka kwamba jambo hili hata mimi niliwahi kufundishwa, na siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma nachora. Injini ikiwa inanguruma, sehemu kubwa ya oili iko juu inazunguka kwenye vyuma. Kijiti kinasoma kilichobaki chini. Kwa hiyo kila asubuhi kilisema pungufu, na kila asubuhi mzee aliongeza. Ukizima, ile ya juu inateremka, inakuta ya ziada, maji yanazidi unga. Injini inaanza kuikoroga oili kama mayai mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi chuma. Oili ikizidi inatafuta pa kutokea: inavuja chini, inaungua na kuwa moshi. Ikipungua kwa njia hiyo, mzee anapima, linanguruma, anaona pungufu, anaongeza.

Baba Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado ameshika chupa ya oili. Aliiangalia.

"Kwa hiyo ule moshi," alisema.

"Ni wewe," alisema Mwalimu.

"Na Jumanne."

Jibu lilikuwa limekaa pale kwenye kandambili.

"Niimwage?" aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza akate mguu upi. Miezi mitatu alilinywesha lile gari kwa mkono wake, kikombe kwa kikombe, akiamini kila tone ni siku moja zaidi ya Mwalimu. "Ikiwa nimekosea tena? Nikiimwaga nyingi? Hapa porini?"

"Mzee," Mwalimu alisema. "Mimi kule wananitoa maji. Lita tatu kila nikienda. Hakuna anayenionea huruma akaniongeza."

Baba Mkubwa akaingia chini ya gari. Alitandika blanketi, akalala chali, spana ya kwenye buti mkononi, mwili wote ule mpana ukapotea mpaka magoti. Nilimpa beseni la kutapikia, hatukuwa na kingine. Nilisikia nati ikikataa, ikikataa, ikakubali. Oili ilikuwa bado ya moto. Ilimwagika kwanza mkononi, ikamteremkia mpaka kiwiko, nikaona miguu yake ikijikunja, kisigino kikikwangua saruji, lakini hakutoa sauti. Aliziba tundu kwa kidole, akaachia, akaziba.

"Kiasi gani?" alipaza sauti.

"Beseni limefika robo," nikasema.

"Muulize yeye."

"Afunge," Mwalimu alisema. "Apime."

Alifunga, akatoka, akapima: kichomoe, futa, rudisha, chomoa. Bado ilipita kidogo. Akarudi chini. Mara ya pili, alipokitoa kijiti hakunipa mimi. Alikipeleka kwa Mwalimu, amekilaza juu ya viganja viwili vyeusi kwa oili, akapiga goti mlangoni.

Mwalimu alikitazama kwa muda. "Sahihi," alisema.

Saa nne na dakika hamsini na mbili. Baba Mkubwa alikaa kwenye usukani. Mara ya kwanza injini ilizunguka bila kushika. Mara ya pili ilikohoa, ikanyamaza. Baba Mkubwa aliweka paji la uso kwenye usukani, nikasikia anazungumza, sijui na Mungu au na gari, ila alikuwa anaomba msamaha. Mara ya tatu likawaka.

Moshi haukuisha. Ulitufuata kilomita tano nzima, ukapungua ukawa shuka, ukapungua ukawa uzi. Taa nyekundu ilizimika. Ndani kitu kilikuwa bado kinagonga, pole pole, kwa mbali, na hakuna aliyejua kama kitanyamaza au ndiyo kimeshakatika. Baba Mkubwa aliendesha kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuinua hewani, ngozi imeanza kuinuka malengelenge. Mwalimu aliniegemea. Sikuhesabu tena pumzi zake, maana hazikuwa nyingi za kuhesabu, nilishika tu mkono wake na kubonyeza kila ilipokawia, naye akabonyeza kunijibu. Mara mbili hakujibu mara moja.

Tuliingia getini saa tano na dakika ishirini na saba. Baba Mkubwa hakuegesha, aliliacha gari mlangoni likiwa wazi pande zote, akambeba. Sista wa zamu alikuwa ameshafuta kiti, na faili alilokuwa ameshika halikuwa la Mwalimu. Kule kwenye benchi mzee mmoja alikuwa ameshasimama na begi lake. Akatuona, akakaa tena, akatazama sakafu. Namkumbuka mpaka leo.

Walimweka kwenye mzani kwanza. Kilo saba za maji. Wakamvalisha barakoa ya hewa, wakamchoma sindano zile mbili nene, mashine ikaanza kuzunguka. Mpaka hapo hakuna aliyemtazama mzee. Alisimama ukutani, shati jeusi mpaka kifuani, ananuka kama karakana, mkono mmoja ameubeba kwa mwingine.

Sista alikuja na karatasi. "Jumanne hamkuja. Natakiwa kujaza sababu." Kalamu ilikuwa tayari kwenye karatasi. "Gari, eti?"

"Si gari," Baba Mkubwa alisema.

"Mlisema kwenye simu gari bovu."

"Gari lilikuwa zima. Andika mimi."

"Wewe nani?"

"Mume."

Sista alimtazama, akanitazama mimi. Sikuwa na mzaha wowote wa kumsaidia nao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukosa.

Kule kitini Mwalimu aliinua barakoa kwa vidole viwili. Mdomo wake ulikuwa wa majivu, lakini macho yalikuwa yale yale yaliyozoea kuona mwanafunzi wa mwisho kabisa nyuma ya darasa.

"Andika gari, sista," alisema. Akapumua. "Huyu ukimwandika mbovu, Jumamosi nitaletwa na nani."

Sista akaandika gari. Kisha akamshika Baba Mkubwa bega, akampeleka kwenye sinki la kona, akafungua bomba, akauweka ule mkono chini ya maji.

"Leo zitatoka lita nne," alimwambia. "Zaidi ya hapo moyo wake hautahimili. Zilizobaki zinasubiri Jumamosi. Jumamosi msikose, baba."

"Hatutakosa," alisema Baba Mkubwa, na macho yake yakapita juu ya bega la sista, yakatoka dirishani, mpaka mlangoni pale ambapo gari lilikuwa bado limesimama, na mlinzi analizunguka akitafuta wa kumgombeza.